Stopa za mlango nilizozifunga kwa mama, na nitakazoagiza tena

Mama yangu anakaa Raskazoni, Tanga, nyumba inayotazama bahari. Kusi ikianza kuvuma, ukifungua dirisha la sebuleni tu, mlango wa chumbani kwake unajibamiza kwa kishindo. Kitasa kilishatoboa plasta ukutani, shimo la kuingia yai. Halafu mjukuu wake wa miaka minne akabanwa kidole, ukucha ukatoka mzima. Siku hiyo nilikata shauri kwamba kila mlango wa nyumba ile utapata stopa yake, na kwamba dukani kwangu sitauza tena stopa ambayo sijaiona ikifanya kazi pale.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Mteja anaingia, anasema, "Dada, nipe stopa ya mlango," nami kwa miaka nilikuwa natoa iliyo karibu na mkono. Sasa nauliza kwanza: unataka mlango usipige ukuta, au unataka ukae wazi usijifunge? Hizo ni kazi mbili, na stopa nyingi zinaweza moja tu.

Mzigo niliagiza China, katoni kumi na mbili za aina mbalimbali ndani ya kontena la kuchangia. Nikatoa mbili mbili za kila aina kupeleka kwa mama. Zimepigwa na kusi moja na kaskazi moja, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona.

Kabari ya mpira ndiyo inayouzika kuliko zote, nami naipenda. Haihitaji drili wala fundi: unaisukuma chini ya mlango kwa kidole cha mguu, basi. Kwenye sakafu ya saruji inashika hata mlango mzito wa mninga. Kwenye marumaru inateleza ikiwa kuna vumbi au mchanga, na Raskazoni mchanga hauishi. Dawa yake ni kuiosha kwa maji na sabuni na kuifuta sakafu pale inapokaa. Mama anaosha kila Ijumaa na imeacha kuteleza. Angalia pia kimo: pengo chini ya mlango likiwa kubwa kuliko kabari, haitabana kitu. Zipo za plastiki laini zinazofanana nazo kabisa kwa macho. Ibonyeze kwa ukucha: ya mpira inarudi palepale, ya plastiki hubaki na alama. Ya plastiki kwenye marumaru sikuridhika nayo hata siku moja.

Ya pili ni ile ya nusu duara inayofungwa sakafuni, mwili wa chuma na pete ya mpira. Kazi yake ni kulinda ukuta tu. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa sababu ya kwanza ilifungwa vibaya. Fundi aliiweka sentimita 15 kutoka kwenye bawaba, akasema, "Mama, huku haitamkwaza mtu." Nia ilikuwa njema, maana mama anatembea na mkongojo. Lakini baada ya miezi miwili skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zimelegea na mlango umeanza kukwaruza sakafu. Mlango una upana wa sentimita 80. Stopa ikikaa sentimita 70 kutoka bawaba, inaupokea mlango mahali ambapo nguvu ndogo inatosha kuusimamisha. Ukiileta sentimita 15, inabidi isukume kwa nguvu karibu mara tano kuzuia upepo uleule, na kishindo chote kinaishia kwenye bawaba. Tuliing'oa, tukaziba tundu, tukaifunga upande wa kitasa, karibu na ukuta ambako mguu haupiti. Tangu hapo bawaba zimetulia.

Ya ukutani inakwepa tatizo la kujikwaa, ila ukuta wenyewe uwe mzima. Nyumba ya mama ni ya tofali za bloku, na plasta mahali pengine imechoka. Skrubu iliyoshika plasta peke yake ilitoka na kipande cha ukuta kusi ilipopamba moto. Ilibidi kutoboa hadi kwenye tofali, kutia plagi ndefu ya plastiki, ndipo ikakaza. Ukuta wa jipsamu usiithubutu kabisa.

Ya sumaku ndiyo watu wanaipenda kwa macho. Kipande kimoja kinakaa mlangoni, kingine sakafuni au ukutani. Mlango ukifika unanaswa. Chooni kwa mama, ambako mlango ni mwepesi na upepo haufiki, inafanya kazi vizuri na anaifurahia kwa kuwa hahitaji kuinama. Chumbani haikufaa. Upepo wenye nguvu uliunasua mlango kama vile hakuna sumaku, na kilichofuata ni kishindo kilekile cha zamani. Kwa nyumba ya pwani, milango mizito, siipendekezi.

Iliyoshinda ni ya mguu wa kukanyagia. Inafungwa chini kwenye mlango wenyewe, ina mkono mfupi wenye kisigino cha mpira. Unaukanyaga ushuke, unaunyanyua kwa ncha ya kiatu. Mama anaushusha kwa ncha ya mkongojo. Mlango wa mninga umekaa wazi siku nzima ya upepo bila kusogea. Kasoro yake ni kisigino: kinalika, na baada ya miezi minane nilikibadilisha. Ukinunua, hakikisha kisigino kinatoka kwa skrubu. Vilivyogandishwa kwa gundi vikilika unatupa stopa nzima.

Ile inayoingia kwenye pini ya bawaba niliifunga jikoni, mlango wa bodi nyepesi wenye uwazi ndani. Ilibonyeza bodi mpaka ikatoboka. Sikuiagiza tena.

Kuhusu chumvi ya bahari: zile za zinki iliyopakwa kromu zilianza kutoa malengelenge kabla ya kutimiza miezi minne. Chuma cha pua daraja la 304 kimepata madoa ya kahawia yanayofutika kwa kitambaa chenye maji. Daraja la 316 lina molibdeni, linastahimili chumvi zaidi, na mteja anayejenga ufukweni namwambia aongeze pesa achukue hilo. Mwenye nyumba Korogwe au Muheza hana haja nalo.

Sasa niseme jambo la forodha, kwa kuwa wafanyabiashara wenzangu wananiuliza habari zake. Mzigo wa kwanza, muuzaji aliandika kwenye ankara "vifaa vya mlango" tu, mstari mmoja. Wakala niliyempa kazi, badala ya kuniuliza, akatamka katoni zote kuwa bidhaa za mpira, kwa sababu katoni aliyoifungua ilikuwa ya kabari. Mzigo ulipokaguliwa, afisa akakuta chuma, plastiki na mbao, akaurudisha utamkwe upya. Siku zikapita, tozo ya ghala ikapanda, na yote niliilipa mimi. Niliumia, kwa sababu kosa lilikuwa la kuepukika kwa simu moja.

Tangu hapo najisomea mwenyewe. Namba ya HS, yaani ile inayoainisha bidhaa forodhani, haina mahali palipoandikwa stopa zote pamoja. Swali la kwanza ni: imetengenezwa kwa nini? Kabari ya mpira uliovulkanishwa, yaani uliopikwa ukakaza, iko 4016.99. Ya mbao ni 4421.99. Za chuma za kufunga kwenye jengo, yaani nusu duara, ya ukutani na mguu wa kukanyagia, ni 8302.41, hata kama zina pete au kisigino cha mpira, kwa sababu mwili wa chuma ndio unaoipa bidhaa sura na kazi yake. Ya sumaku yenye mwili wa chuma naitamka hukohuko pia. Usichanganye na ule mkono wa juu unaoufunga mlango wenyewe. Huo una namba yake, 8302.60.

Plastiki ndiyo yenye mtego. Hapo linaingia swali la pili: inafungwa kwa kudumu kwenye jengo, au inakaa huru? Maelezo ya sura ya 39 yanaviweka vifaa vya plastiki vya kufungwa kwa kudumu kwenye milango na kuta ndani ya 3925, pamoja na vipini na ndoano. Kabari ya plastiki unayoisogeza kwa mguu haifungwi popote, kwa hiyo haiingii humo. Stopa mbili za plastiki ileile, kutoka kiwanda kimoja, zinaweza kuwa na namba mbili.

Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazotumia mfumo huu wa Shirika la Forodha Duniani. Sisi Afrika Mashariki tunaongeza mbili. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una viwango vinne vikuu, asilimia 0, 10, 25 na 35, na namba ndiyo inayokupeleka kwenye kiwango chako. Kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani ya mzigo, nauli na bima, ukijumlisha na ushuru wenyewe. Namba ikikosewa, kosa linazaa mara mbili. Ukiwa na mashaka, andika kwa TRA uombe uamuzi wa awali wa uainishaji kabla mzigo haujapakiwa, uambatanishe picha na maelezo ya malighafi.

Oda ninayoiandika wiki hii ina kabari za mpira katoni sita, mguu wa kukanyagia wenye kisigino cha skrubu katoni nne, na nusu duara za 316 katoni mbili. Nimemtaka muuzaji aandike kila aina mstari wake: malighafi, uzito, idadi, na kama inafungwa au inakaa huru. Visigino vya akiba mia mbili vimepewa mstari wa peke yake.