Chaja yenye swichi ya 80, 90 na 100 kwa betri ya volti 48: uzoefu wangu

Naitumia kuchajia betri ya lithiamu ya baiskeli ya umeme, volti 48, ampea-saa (Ah) 13, hapa Dar es Salaam. Ubavuni ina swichi ndogo ya kuchagua betri ijae asilimia 80, 90 au 100. Kwa joto letu, unacholipia hasa ni hiyo swichi.

Betri hii ina seli 13 zilizopangwa mfululizo. Kila seli hujaa ikifika volti 4.2, sawa na 54.6 kwa betri nzima. Nimepima kwa multimita: kwenye 80 chaja inakata 52.4, kwenye 90 inakata 53.6, na kwenye 100 inafika 54.6 barabara. Unaweza kuona tofauti ni ndogo, lakini seli iliyojaa pomoni ikikaa kwenye chumba cha nyuzi 32 huzeeka upesi hata kama baiskeli haitembei. Siku za kawaida naweka 80. Chaja inatoa ampea 2, kwa hiyo kutoka asilimia 20 hadi 80 ni saa nne hivi.

Ila 100 usiisusie. BMS, ile bodi inayolinda seli, mara nyingi husawazisha seli pale tu zinapokaribia kujaa. Ukikomea 80 miezi yote, seli moja itabaki nyuma, na ndiyo itakayozima mota mlimani huku mita ikidai chaji bado ipo. Mara moja kwa mwezi jaza hadi 100, iache saa moja au mbili baada ya taa ya kijani, kisha iendeshe siku hiyohiyo.

Unasafiri? Acha betri kwenye volti 48 hadi 49.5, ichomoe kwenye baiskeli (kontrola, kifaa kinachoongoza mota, hunyonya kidogo kidogo hata ikizimwa), na uiweke chumba chenye hewa, si stoo ya bati. Ipime kila mwezi. Ikishuka chini ya 39, BMS inaweza kugoma. Hapo usikubali fundi aiamshe kwa kuruka BMS: seli iliyokauka sana huweza kupiga shoti ndani kwa ndani inapochajiwa, na moto wa lithiamu si wa ndoo ya maji.

Kasoro za chaja hii: haina kihisi cha joto, hivyo ukitoka barabarani subiri hadi kasha la betri lipoe mkononi ndipo uchomeke. Waya wake ni mfupi. Feni inapiga kelele, sahau kuiweka chumbani.

Kinachonikera zaidi ni lebo. Imeandikwa "48V" basi, bila kutaja aina ya seli. Betri ya LFP (aina nyingine ya lithiamu) yenye seli 16 nayo huuzwa kwa jina hilohilo, lakini chaja yake hufika 58.4, na plagi zinaweza kufanana. Ukiichomeka chaja hiyo kwenye betri kama yangu, kinga iliyobaki ni BMS peke yake. Kabla ya kulipa, soma namba ya "output": iwe 54.6V.