Riwaya ya upelelezi ya mji mdogo: ununue ipi kwanza na ipi isubiri

Mdogo wangu kaniomba nimchagulie kitabu cha kusoma likizo, anapenda upelelezi ila kachoka na majasusi na bastola, anataka ile ya mtaani kabisa, mtu kauawa kwenye mji mdogo ambao wote wanajuana na anayekuja kugundua ni bibi jirani au padri au mtoto wa shule, hana cheo wala pingu. Nikaanza kumwandikia WhatsApp nikajikuta nimeandika meseji kumi na tano. Nimeona niipange vizuri ifae na wengine, maana hela ya kitabu siku hizi sio ya kubahatisha.

Kwanza mjue mi napima vipi. Kwenye riwaya za aina hii mpelelezi hana maabara, hana haki ya kumlazimisha mtu ajibu, alichonacho ni ujirani tu. Anajua nani huwa anapita wapi saa ngapi, nani kanunua nini dukani kwa mkopo, nani alikuwa haongei na nani tangu ule msiba. Kwa hiyo kitabu kizuri ni kile ambacho ukiuondoa ule mji hadithi inakufa. Kama mji ni pambo tu, yaani mauaji yale yale ungeweza kuyapeleka New York na kisibadilike kitu, mi kwangu kinashuka hata kama kimeuza mamilioni.

Namba moja, na sibabaiki, ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 50, kikatoka kama kitabu 1960, na ndo kilichotuletea Bwana Msa, yule bwana wa Unguja na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Sio polisi. Ni mtu anayesikiliza. Mtu ameuawa, mwili umekutwa mzimuni, mahali ambapo watu wanaogopa hata kupita, sasa angalia ule ujanja wa mwandishi: hofu ya watu ndo pazia la muuaji, kwa sababu kila mtu ana jibu tayari, kwamba ni mzimu, na mtu mwenye jibu tayari haulizi swali. Bwana Msa haji kuwacheka wanaoamini, anakaa nao, anawasikiliza, alafu anatenganisha taratibu lililosemwa na lililoonekana kwa macho. Mambo hayo hayawezi kutokea London. Yanatokea hapa kwetu, kwa Kiswahili cha Unguja kilichojaa methali na mafumbo mpaka unarudia sentensi si kwa sababu hujaelewa bali kwa utamu wake. Wengi tulilazimishwa kusikia habari zake shuleni tukavichukulia kama vya mtihani, naomba mrudi mkiwa watu wazima, ni kitabu kingine kabisa. Ukishamaliza tafuta Kisima cha Giningi cha 1968, Bwana Msa yule yule. Shida ni upatikanaji, ukikikuta usiseme nitarudi kesho.

Namba mbili ni Agatha Christie, lakini sio chochote cha Christie. Vile vya Hercule Poirot vizuri sana ila Poirot ni mpelelezi wa kulipwa, wewe unamtaka Miss Marple, bibi anayefuma sweta kijijini St Mary Mead, ana riwaya 12, ya kwanza The Murder at the Vicarage ya 1930 na ya mwisho kutoka 1976. Wengi watakwambia uanze na ya kwanza, mi nasema anza na A Murder Is Announced ya 1950. Watu wanafungua gazeti la kijiji asubuhi, kati ya matangazo ya kuuza baiskeli na kutafuta wafanyakazi wa ndani wanakuta tangazo kwamba mauaji yatafanyika Ijumaa tarehe 29 Oktoba saa kumi na mbili na nusu jioni, nyumba imetajwa, na marafiki wanakaribishwa. Na wanaenda! Kila mmoja na kisingizio chake, kila mmoja anadhani ni mchezo, saa inagonga, taa zinazimika. Ila kinachokifanya kiwe kikubwa ni jambo lingine, Vita Kuu ya Pili imeisha miaka michache tu, watu wamehamahama, na kijiji ambacho zamani kila mtu alimjua mwenzie ukoo mpaka ukoo sasa kina majirani ambao unajua tu walichojisema wenyewe. Yeyote aliyewahi kuhamia mtaa mpya atakielewa hiki kitabu haraka sana.

Angalizo kwa mnunuzi, hili limewaliza wengi: vitabu vya Christie vina majina mawili, la Uingereza na la Marekani. 4.50 from Paddington ndo What Mrs. McGillicuddy Saw!, They Do It with Mirrors ndo Murder with Mirrors. Ukiona jina geni usikimbilie kulipa, fungua ukurasa wa hakimiliki ule wa mwanzoni usome kama kiliwahi kutoka kwa jina lingine, la sivyo utanunua kitabu ambacho tayari unacho nyumbani.

Namba tatu The No. 1 Ladies' Detective Agency cha Alexander McCall Smith, 1998. Hapa nitabishiwa, kwanza hadithi iko Gaborone, ambao ni mji mkuu wa Botswana sio kijiji, pili mpelelezi wake, Mma Ramotswe, anafungua ofisi kabisa. Lakini hana mafunzo yoyote, mtaji ni ng'ombe alioachiwa na baba yake aliyefanya kazi migodini Afrika Kusini, na anatatua mambo kwa chai na adabu na kujua watu. Usikinunue kama unataka maiti na mashaka mpaka usiku wa manane, kesi nyingi ni za mume aliyepotea, baba asiyeeleweka, vitu hivyo. Kinunue kwa mama yako au shangazi, atakushukuru.

Namba nne, The Sweetness at the Bottom of the Pie cha Alan Bradley, 2009. Mpelelezi ni Flavia, binti wa miaka 11 anayependa kemia hasa hasa sumu, kijijini Uingereza mwaka 1950. Ndege amekutwa amekufa mlangoni na stempu ya posta imechomekwa mdomoni, kesho yake mtu anakata roho kwenye bustani ya matango. Kingereza chake kina misamiati mizito, kama ndo unajifunza kusoma riwaya za Kingereza kitakuchosha.

The Thursday Murder Club cha Richard Osman, 2020, nakiweka cha tano ingawa ndo rahisi kukipata kwa sasa hasa baada ya filamu ya 2025. Wazee wanne kwenye makazi ya wastaafu huko Kent, wanapendeza mno, ila mmoja ni jasusi mstaafu na kila wakikwama ana mtu wa kumpigia simu. Hapo ule ujirani ninaoutafuta unapungua nguvu.

Kama huna hela kabisa mwezi huu, hadithi za Father Brown, yule padri mpelelezi, za mwandishi Chesterton ziko bure na kihalali kwenye tovuti ya vitabu ya Project Gutenberg, shusha The Innocence of Father Brown ya 1911, hadithi 12 fupi fupi. Anza na The Hammer of God, ya mhunzi na nyundo ndogo kijijini.

Sasa kununua kwenyewe. Vitabu vya mtumba vya barabarani ni bei nzuri sana na Christie hakosekani, ila riwaya ya upelelezi sio kama kitabu kingine, ikikosa karatasi mbili za mwisho umenunua kuni. Mi yamenikuta, nilisoma kurasa zaidi ya 200, mpelelezi kawakusanya wote sebuleni, anafungua mdomo, nikageuza nikakutana na gamba. Usiku wa saa nane. Nilikaa wiki tatu simjui muuaji mpaka nikapata nakala nyingine. Kwa hiyo nenda nyuma kabisa lakini usisome, funika maandishi kwa kiganja uangalie namba za kurasa tu, alafu papasa mshono wa katikati uone kama hakuna karatasi iliyochanwa, na usisome ile jaladani nyuma maana nyingine zinataja hadi kifo cha pili. Muuzaji akikuharakisha mwambie ngoja kaka, nahesabu, kidogo tu.