Tutu ndefu ya mtindo wa 1832: wavu mzuri, kiuno kibovu
Sketi hii ya baleti, yaani tutu, imeshonwa kwa kufuata mtindo uliovuma baada ya mchezaji Marie Taglioni kucheza baleti ya La Sylphide mjini Paris tarehe 12 Machi 1832, na sifa yake ya kwanza ni urefu: inaishia kati ya goti na kifundo, kiasi cha kuionyesha miguu inaposimama juu ya ncha za vidole. Tabaka za kitambaa chepesi cha wavu huinuka mchezaji anaporuka, kisha hushuka taratibu kama ukungu.

Wavu wa enzi zile, kwa bahati mbaya, uliwaka upesi ulipogusa taa za gesi. Mchezaji wa baleti Emma Livry, aliyekataa nguo iliyotiwa dawa ya kuzuia moto kwa sababu dawa hiyo iliikakamaza na kuufifisha weupe wake, aliungua jukwaani wakati wa mazoezi mwaka 1862, akafariki mwaka uliofuata.

Kasoro ya sketi hii ni mkanda wa kiunoni: mshonaji ametia mpira badala ya vishikizo, hivyo sketi huhama mchezaji anapozunguka. Anayetafuta tutu fupi ya mwishoni mwa karne hiyo asiinunue.