Duka la vifaranga Mbagala: mbegu nzuri, maelezo pungufu

Duka hili dogo la Mbagala huuza vifaranga wa siku moja wa aina tatu, yaani kuku wa nyama, chotara wa Kuroiler na kuku wa kienyeji wa kishingo. Nimewafuga wote, na ninalipima duka kwa jambo ambalo wafugaji wa mjini hatulipi uzito unaostahili: kila kifaranga amebeba vinasaba vya wazazi waliochaguliwa na mtu au na mazingira, na mnunuzi ana haki ya kuelezwa walichaguliwa kwa sifa ipi.

Kwa kuku wa nyama sina malalamiko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada waliwahi kufuga kuku wa mbegu ya mwaka 1957 na wa mbegu ya mwaka 2005 kwa chakula kilekile; walipotimiza siku 56, wale wa zamani walikuwa na wastani wa gramu 905 na wale wapya gramu 4,202. Kwa kuwa walilishwa sawasawa, tofauti hiyo ilitokana na uteuzi wa kizazi baada ya kizazi wa majogoo na mitetea waliokua haraka. Ukuaji huo hulemea moyo na miguu, na joto la Dar es Salaam la Januari humwelemea zaidi kuku wa namna hiyo. Muuzaji alinieleza haya yote bila kuulizwa, akasisitiza hewa na nafasi bandani.

Kishingo ndiye aliyenivutia zaidi, na ningependa duka limpe nafasi ya mbele. Shingo yake tupu hutokana na jeni moja tu, ambayo hujitokeza hata kifaranga akiirithi kwa mzazi mmoja, na ambayo hupunguza manyoya ya mwili mzima, hivyo joto humtoka kwa urahisi. Hakuna kampuni iliyomtengeneza. Nyuani kwetu njaa, mdondo (ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle) na kunguru wamekuwa wakipunguza kuku tangu zamani, na waliobaki hai ndio walioacha watoto, ingawa mkono wa mfugaji nao umo, kwa kuwa ndiye anayeamua jogoo yupi achinjwe na yupi abaki. Mtetea wake huatamia na kulinda vifaranga vyema, japo hutaga mayai machache. Hata hivyo, kibao cha dukani kisemacho kwamba kuku huyu “haugui” kinapaswa kuondolewa, kwani mdondo ungali unaua kuku wa kienyeji kwa wingi, na chanjo ni ya lazima kwake kama kwa wengine.

Kasoro kubwa iko kwa chotara. Kuku huyu aliyezalishwa India kwa ajili ya ufugaji wa nyumbani ni mzuri kweli: hukua haraka kuliko wa kienyeji, hutaga zaidi, na hujitafutia sehemu ya chakula chake. Lakini msaidizi wa duka aliniambia kwamba nikitotolesha mayai yake nitapata vifaranga wale wale. Sivyo, na hilo ningetarajia muuza mbegu alijue. Mchanganyiko wa jeni uliomfanya chotara awe bora huvunjika na kupangwa upya anapozaa, na bandani kwangu watoto walitofautiana sana kwa uzito, rangi na umri wa kuanza kutaga. Mfugaji mwenye mtaji mdogo anayepanga uzalishaji wake kwa kutegemea maneno hayo anaweza kupoteza msimu mzima.

Vifaranga wenyewe hufika wakiwa wachangamfu, makasha yana matundu ya kutosha, na oda hutimizwa kwa siku iliyoahidiwa. Anayetaka nyama kwa wiki chache anunue kuku wa nyama. Anayetaka mayai na nyama anunue chotara, akijua kwamba kila kundi jipya litamrudisha dukani. Anayetaka kuku watakaojizalisha wenyewe achukue kishingo, na amchanje.