Wamenikatia Punda Wangu

Tamasha hili la muziki la Campinas naliwekea nyota mbili. Usiku ule ule niliweka moja kwa hasira, asubuhi nikaifuta, na sioni ajabu nikibadilisha tena kabla sijafika mwisho.

Majuzi, Jumamosi, nilipanda basi kutoka São Paulo hadi Campinas, kilomita kama 100, kufuata kitu kimoja tu: Sonata ya nyuzi, muziki wa ala tupu wenye sehemu kadhaa, ya mtunzi Mbrazili Carlos Gomes. Fidla mbili, viola, chelo na besi kubwa. Hapa Brazil Gomes ni mtu wa opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Opera yake Il Guarany ndiyo iliyompa jina kule Milano mwaka 1870, na mwanzo wake unasikika redioni kila jioni ya kazi kipindi cha serikali kinapofunguliwa. Sonata hii hawaijui. Mimi mtoto wa taarab, nimelelewa na fidla, nasikia raha nyuzi zinapozungumza zenyewe bila mtu wa kuzifunika kwa sauti.

Aliiandika mwaka 1894, umri unakaribia 60, miaka miwili kabla hajafariki, akaitoa kwa klabu ya muziki ya mji huu huu aliozaliwa, klabu yenye jina la ndugu yake. Sehemu ya nne, ya kufungia, aliipa jina: O burrico de pau, punda wa mbao. Nyuzi zinashika mwendo wa punda, tukutuku, tukutuku, mpaka unacheka peke yako kwenye kiti. Huyo punda ndiye niliyemlipia nauli.

Basi wakapiga sehemu tatu. Wakainuka, wakainama, watu wakapiga makofi. Mimi nimekaa. Nikadhani wanapumua. Taa zikawashwa. Karatasi ya ratiba ninayo mkononi, imeandika sehemu nne, na ya nne kwa jina lake!

Nikamfuata kijana wa mlangoni, nikamuuliza kwa adabu. Hata karatasi hakuitazama. “Muda ulikuwa umekwisha, mama. Halafu ile ya mwisho ni mchezo wa watoto tu, haina uzito.” Haina uzito! Katika mji ambao mifupa ya Gomes imelala uwanjani chini ya sanamu yake! Nikamwomba anirudishie nusu ya kiingilio, akanigeuzia mgongo akaendelea kukusanya viti.

Nisiwadhulumu, lakini. Ile sehemu ya tatu, ya polepole, waliipiga vizuri kuliko rekodi yoyote niliyo nayo. Dada wa chelo alikuwa amefumba macho, upinde unakwenda taratibu kiasi kwamba nilisikia unywele ukikwaruza waya kabla sauti haijatoka. Nililia, sioni haya kusema. Kwa hiyo sehemu peke yake ningewapa nyota tano, na njiani kwenda kituo cha basi nilikuwa nimeshaanza kuwasamehe.

Nikamkuta yule wa viola amesimama nje, sanduku limeegemea mguuni. Nikamwambia, dada, nimekuja kwa ajili ya punda. Akatabasamu, akainama, akagonga juu ya sanduku kwa vidole vitatu: tukutuku, tukutuku, tukutuku. Mwendo wenyewe kabisa, bila kukosea. “Tumeufanyia mazoezi wiki nzima,” akasema.

Wiki nzima! Kumbe punda alikuwepo, amelishwa, amefungwa nyuma ya pazia, na mtu mmoja akaamua sisi tuliolipa hatumhitaji. Hasira ikanirudia upya, mara hii si kwa wapigaji. Mzee wa watu, kazi yake ya mwisho mwisho, alichagua mwenyewe tutoke ukumbini kwa mwendo wa punda. Wao wakatutoa kwa kilio. Hiyo si Sonata ya Gomes tena.

Narudi kwenye nyota moja, basi. Hiyo ya ukumbi. Wale watano wapeni tano, na siku wakitangaza kwamba wanampiga punda, hata kama ni kwenye uwanja wa shule, nitapanda basi.