Fumbo la maneno la mtaa wetu: zuri, ila kamusi yake ina ubahili

Mchezo huu uko kwenye jukwaa la wakazi wa mtaa wetu hapa Umoja, nami huucheza ndani ya matatu, foleni ya Jogoo Road ikikwama. Kanuni ni zile za Wordle, mchezo wa Josh Wardle ulionunuliwa na New York Times mwaka 2022: neno la herufi tano, majaribio sita, kijani ikiwa herufi imekaa mahali pake, njano ikiwa ipo lakini si hapo.

Vijana waliouunda wamekifikiria Kiswahili kweli. Q na X hazimo kwenye kibodi. CH ina kisanduku kimoja, kwa hiyo "chumvi" na "kichwa" yanaingia. Na kwa kuwa karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu, kisanduku cha mwisho hakikusaidii sana. Kazi iko katikati. Mimi huanza na "kiatu", irabu tatu kwa mkupuo.

Sasa kamusi. "Kiatu" inakubali, "viatu" inakataa! Vitenzi vilivyonyambuliwa wavikatae tu, sawa, maana havina mwisho. Lakini wingi wa nomino? Hapo wamenyima bure.

Haulipishwi, haumalizi bando, na simu yangu kuukuu inaumudu. Unachoweka hadharani ni rangi tu, jibu halionekani. Mzee wetu wa nyumba kumi huweka zake kabla ya alfajiri, sijui hulala saa ngapi. Nyota nne.