Kutoa upepo kwenye breki ukiwa peke yako: kifaa gani ununue

Umebadilisha kaliper (ile inayobana pedi za breki kwenye diski) au paipu ya breki, sasa pedeli inabonyea laini tu, basi jua upepo umeingia. Kwa kawaida mmoja anakanyaga pedeli na mwingine anafungua na kufunga nipeli (kile kiskrubu chenye tundu cha kutolea upepo) kule chini kwenye tairi, ila ukiwa peke yako ndo inabidi ununue kifaa, na vipo vingi mno na havilingani hata kidogo. Mimi naviangalia kwa kitu kimoja zaidi: ukiona mapovu kwenye mpira wa kutolea mafuta, je ni upepo wa kwenye breki kweli au kifaa kinakudanganya?

Namba moja kwangu ni pampu ya presha, ile yenye mtungi na mfuniko unaofunga juu ya kopo la mafuta ya breki kwenye masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli). Unapampu kwa mkono mpaka psi 10 hadi 15 hivi (usizidishe, kopo ni plastiki), alafu unazunguka tairi moja moja kufungua nipeli na mafuta yanasukumwa yenyewe. Uzuri wake ni kwamba presha inatoka juu kwenda chini, kwaiyo hata nipeli ikilegea kwenye nyuzi zake za skrubu, mafuta ndo yanatoka nje, upepo hauingii ndani, na ukiweka mafuta mapya ndani ya mtungi kopo halikauki. Shida yake kubwa ni mfuniko. Kabla hujatoa hela hakikisha adapta inaingia kwenye kopo la gari lako, sio "magari mengi" kama wanavyoandika kwenye boksi. Zile adapta za bati na minyororo eti zinaingia kila gari mara nyingi zinavuja, na mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi ya gari yanaibabua, mwaga maji hapohapo. Kwaiyo ukiinunua, ijaribu kwanza na hewa tupu bila mafuta, ikishika presha dakika kadhaa ndo ujaze.

Ya pili, na hii ndo namshauri mtu ambaye gari lake halina adapta au hataki gharama, ni mpira wenye valvu ya njia moja na chupa yake. Unachomeka kwenye nipeli, unafungua kama robo mzunguko tu, unaenda kukanyaga pedeli taratibu, mafuta yanatoka na hayarudi. Nunua wenye mpira mwangavu, unaobana nipeli vizuri, na chupa yenye kamba au sumaku ili uining'inize juu ya usawa wa nipeli. Hapa kopo la juu ni jukumu lako kabisa, kila ukikanyaga mara tano sita nenda kaangalie, likikauka umevuta upepo upya na kazi inaanza mwanzo. Na gari ikiwa ya zamani weka kipande cha mbao chini ya pedeli isizame mpaka mwisho, maana sehemu ya masta silinda ambayo pistoni haijawahi kufika huwa na kutu na inakata sili.

Nipeli zenye valvu ndani yake nazipa ya tatu. Ni nzuri sana kwa mtu anayefanya hii kazi mara kwa mara, unazifunga na zinakaa hapohapo, ila lazima upate nyuzi sawasawa, M8 na M10 (yaani unene wa milimita 8 na 10) zote zipo na M10 yenyewe ina nyuzi za aina zaidi ya moja, pima nipeli ya zamani kwanza. Ukilazimisha unaharibu kaliper.

Pampu ya mkono ya kunyonya ndo wengi wananunua kwanza kwa sababu ina geji na inaonekana ya kifundi, mimi naiweka nyuma. Ukilegeza nipeli inanyonya hewa kupitia kwenye nyuzi, unaona mapovu hayaishi na unaendelea kumwaga mafuta mazuri bure. Grisi ya silikoni kwenye shina la nipeli inapunguza, haimalizi. Ya kunyonya kwa kompresa ni hivyohivyo, ila inafaa kama unabadilisha mafuta yote na kompresa unayo tayari.

Kwa pikipiki usihangaike na hivyo vyote, bomba la sindano kubwa na mpira linatosha, unasukuma mafuta kutoka kwenye kaliper kupanda juu kwa sababu upepo wenyewe unapenda kupanda. Punguza tu mafuta kopo la juu kwanza lisifurike.

Kifaa chochote utakachochukua, weka na hela ya spana ya ring inayokaa sawasawa maana kona za nipeli zikilika umekwama, stendi za kuwekea gari (jeki peke yake hapana kabisa), na mafuta mapya ya chupa iliyofungwa, lita moja inatosha magari mengi madogo. Soma kwenye mfuniko wa kopo la gari aina ya mafuta, kama ni DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni silikoni, usichanganye na hizo, na DOT 5.1 ni kitu kingine, sio DOT 5. Kama gari ina ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) na upepo umeingia mpaka kwenye moduli yake, hakuna hata kimoja hapo juu kitakachoutoa vizuri kwenye baadhi ya magari, utahitaji mashine ya kuiamsha pampu ya ABS, na hapo mpelekee fundi mwenye nayo kabla ya kununua kitu kingine.